SOMO LA VIKUNDI: Dakika kumi za hadithi kila siku



Somo la mara hii linahusu watoto wetu wa madarasa ya chini, yaani kuanzia chekechea mpaka gredi ya 3. Tunamwomba katibu wa kikundi alisome kwa sauti mkutanoni, polepole, na asimame pale penye maswali ili watu wazungumze. Muda ukiwa mfupi msilimalize siku moja. Gawanyeni.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Tulialikwa siku ya wazazi katika shule moja ya huku kwetu. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimechanga fedha za kutengeneza madawati, na mwalimu mkuu alitaka waje waione kazi ya mikono yao. Tukaingia darasa la kwanza. Watoto walipita 70. Mwalimu akamsimamisha mtoto mmoja wa kiume asome, naye akasoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti ya juu, hata vituo akaviweka mahali pake. Wazazi wakapiga makofi, na mama yake akapiga kigelegele. Ni mama mwingine, aliyeketi dawati la mbele, aliyetugeukia akanong'ona: "Hebu tazameni kitabu chenyewe." Mtoto alikuwa amekishika kichwa chini, miguu juu.

Yule mtoto hakumdanganya mtu. Alifanya vile alivyofundishwa. Mwalimu anasema, darasa linaitikia, tena na tena, mpaka maneno yanaingia kichwani kama wimbo. Ana masikio mazuri na kichwa chepesi. Lakini bado hajaonyeshwa kwamba maneno anayoyasema yanatoka katika zile alama nyeusi za karatasini, na kwamba zile alama zinasema jambo. Baadaye tulipomwuliza yule ng'ombe wa ukurasa ule alifanya nini, alitutazama tu. Kwake hapakuwa na ng'ombe yeyote pale.

Simameni hapa kidogo. Je, mtoto wako wa gredi ya 1 au ya 2 akikusomea kitabu chake cha shule, umewahi kumwuliza hadithi inasema nini? Umewahi kumfungulia ukurasa mwingine ambao hakuuzoea?

Watoto wengi wako hivyo, na jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 shirika la Uwezo, ambalo hupeleka watu nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, lilitoa ripoti ya Kenya nzima. Lilikuta kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kazi ya darasa la pili. Elimu ya bure ilikuwa imeanza mwaka 2003, na sote twakumbuka watoto walivyofurika madarasani mwaka ule. Lilikuwa jambo jema, hatulirudishi nyuma. Lakini mwalimu mmoja mwenye watoto 80 hufanya nini? Huimbisha. Kuitikia kwa pamoja ndiyo njia ya kuwaweka wote katika kazi moja bila fujo.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulianza nchi nzima katika madarasa ya chini, kila mtoto akapata kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na walimu wakapewa mwongozo wenye hadithi za kuwasomea watoto kwa sauti. Kwa hivyo tunalolisema leo si geni kwa walimu. Wengi wao wamelisomea. Ila mwalimu yeyote atakwambia: muda ukibana, hadithi ndiyo inayorukwa kwanza. Silabi haziwezi kurukwa, hesabu haiwezi kurukwa, lakini hadithi, ah, tutasoma kesho. Na kesho ikifika kuna mkutano wa walimu.

Hapo ndipo vikundi vinapoingia. Lakini kwanza tuelewane jambo lenyewe ni lipi.

KUSOMEA WATOTO NI NINI

Tunaposema kuwasomea watoto kwa sauti, hatusemi mtoto mmoja asimame asome na wengine wafuate. Wala hatusemi ufahamu, ule wa kusoma halafu kujibu maswali kumi kwenye daftari. Tunasema hivi: mtu mzima anashika kitabu cha picha, watoto wanakaa karibu, anawasomea hadithi yote huku wakitazama picha, na anawaacha waseme. Dakika kumi, kila siku ya shule. Hakuna alama, hakuna mtihani, hakuna anayechapwa kwa kutojua.

Mtu atauliza, sasa hiyo si kucheza? Watoto watajua kusoma namna gani kwa kusikiliza tu?

Jibu letu ni kumtazama mtoto nyumbani. Mtoto hujifunza kuongea kwa sababu amesikia watu wakiongea muda mrefu kabla hajafungua kinywa. Na kusoma vilevile. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu ameshaona mara elfu mtu akishika kitabu, akifungua kutoka mbele, macho yakienda kutoka kushoto kwenda kulia, na maneno yakitoka. Akija shuleni, anajua kitabu ni kitu gani, amebakiza herufi tu. Wa kwetu anakuja hajawahi kuona hata moja ya hayo. Sisi wazazi hatukuwa na hatia; nyumba nyingi za Mtongwe, Mishomoroni au Chaani hazina kitabu isipokuwa kitabu cha dini na madaftari ya shule. Basi mtoto anapewa herufi kabla hajajua herufi ni za nini. Ni sawa na kumpa mtu makasia hali hajawahi kuona maji.

Kuna na jambo la lugha. Kiswahili cha kitabu si kile cha barazani wala cha kituo cha matatu. Nani kwetu nyumbani husema "hatimaye" au "alishikwa na butwaa"? Mtoto anayasikia haya katika hadithi, picha inamwonyesha maana yake, na siku akikutana nayo kwenye karatasi hayamshtui.

Kuhusu picha, nyinyi wanavikundi mnajua zaidi ya mnavyodhani. Wengi wenu mmepita katika mafunzo ya DELTA, yaliyoanza Kenya miaka ya 1970 kwa kazi ya Anne Hope na Sally Timmel na kuenea kupitia ofisi za maendeleo za kanisa. Mnakumbuka tulivyokuwa tunafanya: tunatundika picha moja ukutani, labda mama amebeba kuni na mtoto mgongoni na baba anatembea mbele mikono mitupu, halafu tunauliza, "Mnaona nini hapa?" Watu waliokuwa kimya mwaka mzima wakaanza kusema. Hakuna aliyeambiwa amekosea. Kitabu cha picha mbele ya watoto kinafanya kazi ileile. Mtoto asiyejua kusoma anaweza kusoma picha, na akishasema kitu kuhusu picha, anataka kujua maneno yanasemaje.

WALIOJARIBU

Mfano wa mbali kidogo ni Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi, 250 kwa kila darasa, katika shule za vijijini zilizokuwa na vitabu vichache sana. Vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo watoto wa darasa la nne na la tano walikuwa wakifundishiwa ingawa nyumbani hawaiongei. Katika madarasa mengine mwalimu alisoma pamoja na watoto, katika mengine walisoma wenyewe kimya. Baada ya mwaka, watoto hao walikuwa wameendelea katika kusoma karibu mara mbili ya wenzao walioendelea na vitabu vya kawaida vya masomo.

Mfano wa karibu ni hapa Mombasa. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa Pwani walimwomba Aga Khan awasaidie watoto wao ambao walikuwa hawafiki mbali shuleni. Mwaka 1986 kazi ikaanza mjini Mombasa, ikiongozwa na mwalimu wetu wa hapahapa, Bi Swafiya Said. Shule za chekechea zikafunguliwa pamoja na madrasa, walimu wakawa wanawake wa mtaa wenyewe waliopewa mafunzo, kamati ya wazazi ikasimamia, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vinavyopatikana mtaani. Hadithi na nyimbo zilikuwa kazi ya kila siku. Mwaka 1990 mpango ukavuka hadi Zanzibar, na mwaka 1993 Uganda. Sisi wa ofisi ya kanisa tumejifunza mengi kwa jirani zetu hawa, na tunawaomba wanakikundi wasione haya kwenda kubisha hodi kwenye chekechea ya madrasa iliyo karibu na kuomba kukaa nyuma asubuhi moja watazame.

Mfano wa tatu tunauleta kwa sababu hautii chumvi. Kati ya mwaka 2009 na 2011, shule za Kwale na Kinango, hapo tu ukipita Likoni kwenda kusini, ziliingia katika mpango wa Aga Khan Foundation ambao mwalimu alianza na hadithi nzima. Watoto wanaielewa kwanza, kisha wanaingia kwenye sentensi zake, kisha maneno, mwisho herufi. Mpango huohuo ulifanywa kaskazini ya Uganda, kwa lugha ya Lango. Ulipopimwa, watoto wa Uganda walikuwa wamepanda vizuri. Wa Kwale na Kinango, waliopimwa kwa Kiswahili, walipanda kidogo, chini ya nusu ya wenzao. Watafiti hawakuweza kuthibitisha sababu.

Tunawaambia haya ili mtu asije akaenda shuleni na kuahidi miujiza. Kusomea watoto hakuondoi kazi ya kufundisha herufi na silabi. Vinakwenda pamoja, kama wali na mchuzi.

KOSA LETU WENYEWE

Sasa tuseme lililotupata, maana si haki kuwafundisha wengine na kuficha la kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilipokea katoni tatu za vitabu vya picha kutoka Ulaya. Vizuri ajabu, karatasi nzito, rangi za kung'aa. Tukavipeleka shule moja kwa sherehe, tukapiga picha, mwalimu mkuu akatoa shukrani, tukarudi ofisini tumeridhika. Muhula uliofuata tulirudi kutazama. Vitabu vilikuwa kabatini, kabati limefungwa, ufunguo uko kwa mtu ambaye siku hiyo hakuwapo. Tulipofunguliwa siku nyingine, tukakuta vingine bado viko ndani ya plastiki.

Tukakasirika kidogo, tukubali. Ndipo mwalimu wa darasa la kwanza akatwambia, tena kwa upole: "Ndugu zangu, mimi nilitia sahihi vitabu vyote. Kikiraruka kimoja, nitalipa mimi." Na kweli. Sisi ndio tuliokuja na daftari la kupokelea, sisi ndio tuliomtilisha sahihi, kitabu kwa kitabu, na tuliandika kwa mkono wetu kwamba vitunzwe. Basi alivitunza!

Tulipomwomba ajaribu kimoja, tukaona na tatizo la pili. Kilikuwa cha Kiingereza, juu ya mtoto anayejenga sanamu ya theluji na mbwa anayelala kitandani pake. Mwalimu alijitahidi kutafsiri. Theluji akasema ni barafu. Watoto wakauliza inauzwa shilingi ngapi. Mbwa kitandani, darasa zima likapiga kelele. Hatusemi mtoto asijue mambo ya nchi za watu, lakini kitabu cha kwanza cha mtoto wa Shika Adabu kisimfanye mwalimu atoe jasho hivyo.

Tangu siku ile tumebadilisha mambo mawili. Vitabu vinatolewa bila sahihi ya kulipa, na kikundi kinaweka fungu dogo la gundi na selotepu, kwa sababu kitabu kilichoraruka ni kitabu kilichosomwa. Na tunatafuta vya Kiswahili kwanza.

KUKU WA BIBI

Kikundi kimoja cha Likoni hakikuwa na fedha ya vitabu hata kidogo. Wakaamua kutengeneza chao. Walichukua kalenda za mwaka uliopita, zile kubwa za ukutani, wakatumia upande mweupe wa nyuma. Kijana mmoja wa mtaa anayechora mabango ya vibanda akachora picha sita. Maneno wakayaandika wenyewe kwa kalamu nene, herufi kubwa, sentensi moja kila ukurasa. Wakabandika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji na kushona kwa shazia na uzi wa magunia. Kikatoka kitabu kikubwa ambacho mtoto aliyekaa nyuma kabisa anakiona.

Hadithi yenyewe waliitunga pamoja, wanacheka. Bibi anashuka mteremko wa Likoni, amebeba kikapu, na kuku anachungulia. Feri imejaa watu na mikokoteni. Kuku anaruka. Watu wote wanamkimbiza, mkokoteni wa maembe unapinduka. Kuku anapanda juu ya paa la matatu. Feri inafika ng'ambo, watu wanapanda kumshika, wanakuta ametaga yai. Na kila ukurasa unamalizika kwa maneno yaleyale: "Kuku yuko wapi?"

Tutumie kitabu hiki kuonyesha namna ya kusoma.

Siku ya kwanza, kabla ya kufungua, mwalimu anaonyesha jalada. "Mnaona nini?" Kuku! Bibi! Kikapu! "Huyu kuku anakwenda wapi?" Tulikuwapo siku mtoto mmoja alipojibu, "Anakwenda kuchinjwa!" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu asiseme hapana, umekosea. Aseme, "Huenda. Haya, tuone." Kisha anasoma, kidole kikipita chini ya maneno, kutoka mwanzo hadi mwisho. Asisimame kila mara kueleza. Pale pa kutisha anasimama kidogo: "Mnadhani nini kitatokea?" Anasikia majibu mawili matatu, anafunua.

Siku ya pili, kitabu kilekile. Hapa wengi hukosea wakidhani watoto watachoka. Hawachoki. Mtoto hupenda kujua kinachokuja. Mwalimu akifika mwisho wa ukurasa ananyamaza, na watoto 70 wanasema wenyewe, "Kuku yuko wapi?" Siku ya tatu mtoto mmoja anakuja kufunua kurasa. Siku ya nne mwalimu anauliza nani atanionyesha neno "kuku", na mtoto anakuja kuligusa kwa kidole, kisha wanalitafuta ukurasa mwingine. Siku ya tano wanaigiza hadithi, au wanachora kwenye madaftari. Wiki imekwisha kwa kitabu kimoja. Kikundi chenye vitabu 12 kina karibu muhula mzima.

Kitabu kidogo darasani penye watoto wengi ni kazi, hatukatai. Mwalimu akishike ubavuni, uso wake na uso wa kitabu vyote viwaelekee watoto, azunguke nacho polepole. Au agawe darasa: nusu wanachora, nusu wanasikiliza mkekani, kesho wanabadilishana. Na sauti! Sote tumesikia wasomaji wanaosomea kifua chao wenyewe, hata watu wazima tunasinzia. Bibi awe na sauti yake, kondakta awe na yake.

Wakati mzuri tumeuona kuwa asubuhi, kabla ya mapumziko. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Dakika kumi zinapatikana ndani ya kipindi cha lugha bila kuiba somo la mtu. Baada ya mapumziko watoto wana jua kichwani.

LUGHA GANI?

Changamwe watu wamekuja kwa kazi za bandari na reli, kwa hivyo darasani mna Wakamba, Wajaluo, Wataita, Wamijikenda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Hapo hakuna ubishi. Pembezoni mwa Likoni kuna watoto wanaokuja na Kidigo, na Kisauni kuna wa Kigiriama. Tume ya Gachathi ilishasema mwaka 1976 kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali shule ilipo. Kwa maoni yetu, soma Kiswahili, lakini mtoto akijibu kwa Kidigo mpokee. Usimkatize ili umsahihishe. Anafikiri, na ndicho ulichokuwa unakitaka. Wazazi wanaodai Kiingereza tangu siku ya kwanza tunawaelewa, lakini mtoto ambaye hajui kwamba kitabu kina maana hatakijua hicho Kiingereza pia.

KAZI YA KIKUNDI

Msiende shuleni kama wakaguzi. Mwalimu akiona akina mama wanane mlangoni na daftari, ataona mashtaka. Nendeni wawili, mwenyekiti na mmoja mwenye mtoto pale, mkamwone mwalimu mkuu kwanza, na mseme mnataka kusaidia jambo gani. Ombeni darasa moja tu kwa muhula mmoja.

Ombeni pia wanakikundi waruhusiwe kuja kusoma siku moja kwa wiki. Atakayekwenda asome mwalimu akiwapo darasani, siku zote. Asibaki peke yake na watoto. Hili ni la kuwalinda watoto na kumlinda yeye.

Na asiyejua kusoma? Kuna bibi mmoja wa kikundi cha Kisauni ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alikataa mara tatu kwenda. Mara ya nne akaenda na kitabu cha kuku, akashika upande wa picha, akaanza na paukwa, watoto wakaitikia pakawa, na hadithi akaisema kwa maneno yake. Watoto wengi wa pale hawajawahi kupanda feri. Wakamwuliza maswali mpaka kengele ikalia. Kisha yeye akawapa hadithi ya kwao ya zamani, mwalimu akaiandika, na sasa inachorwa nyuma ya kalenda.

Vitabu vya kununua: ulizeni bei katika maduka mawili matatu kabla, na tazameni kama kiko katika orodha ya vitabu vilivyokubaliwa na serikali. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akiongeza shilingi 20 kwa mwezi juu ya mchango wa kawaida, kina shilingi 4,800 kwa mwaka. Mkipata vitabu vya Tanzania msiviache. Kule Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza mwaka 1991 kwa sababu ya njaa hiihii ya vitabu, na kuna wachoraji kama John Kilaka ambao wanyama wao huvaa mashati na kanga, watoto wanawapenda mno. Kwa mwenye simu, African Storybook, iliyoanza mwaka 2014, ina hadithi nyingi za picha za Kiswahili zinazosomwa bila malipo na kuruhusiwa kupigwa chapa. Maktaba ya umma iko kisiwani, nauli ya feri kwa mwendaji kwa miguu hakuna. Kule Garissa mwaka 1996 ilibidi vitabu vipakiwe juu ya ngamia ili viwafikie watu. Sisi twahitaji kikapu tu.

Wengine watasema fedha hizo ziende kwenye tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza masomo ya ziada ya likizo, lakini twajua watu bado wanalipa, tena kwa mtoto wa miaka sita. Ulizeni huko tuisheni anafanya nini. Mara nyingi anaitikia yaleyale aliyoitikia asubuhi.

Yule mtoto wa kitabu cha kichwa chini, mwalimu wake alikubali kujaribu. Mwanzoni mtoto alikuwa anakaa nyuma. Wiki ya nne hivi alikuwa mbele kabisa, na mara nyingi ndiye aliyefunua kurasa. Mwisho wa muhula wa pili tulimkuta nyumbani kwao, ameketi kizingitini na kidole juu ya sentensi. Alisoma mistari miwili. Alikwama mara nne, akarudi nyuma, akatazama picha, akaendelea. Haikupendeza masikioni kama ile ya siku ya wazazi. Mama yake alikuwa anasonga ugali, akatoka na mwiko mkononi, akauliza, "Halafu?" Naye akamweleza.

MASWALI YA KIKUNDI

Katika shule yetu, watoto wa gredi ya 1 wanasomewa hadithi mara ngapi kwa wiki, na nani anajua kwa hakika? Je, shule ina vitabu vya hadithi, viko wapi sasa hivi, na ufunguo uko kwa nani? Ni nani kati yetu mwenye sauti nzuri, nani anajua kuchora, nani anajua hadithi za zamani? Baba wa kikundi wako tayari kwenda kusoma, au tumeshaamua kwamba hii ni kazi ya akina mama?

Mkutano ujao kila mmoja aje na kalenda ya zamani. Kijana wa kuchora mwambieni mapema, na chai yake iwepo.